Kuongeza Bila Kufuta

Dibaji ambayo mwandishi Mfaransa Michel de Montaigne aliitia tarehe 1 Machi 1580 haijazi hata ukurasa mmoja wa vitabu vyetu vya leo. Humo anamwambia msomaji kwamba kitabu kimeandikwa kwa nia safi. Kwamba ni cha ndugu na marafiki, wapate pa kumkumbukia atakapokuwa ameondoka duniani. Kwamba kinamhusu yeye mwandishi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hiyo mtu mwingine hana sababu ya kukipotezea wakati wake. Halafu anamuaga. Kitabu hakijaanza, na mwenyeji ameshasema kwaheri.

Mambo hayo hayapatani. Kitabu cha ndugu na marafiki hakipelekwi kwa mchapaji, na hiki kilipelekwa kwa Simon Millanges wa Bordeaux, kikatoka katika juzuu mbili zenye sura 94, kikauzwa kwa yeyote mwenye fedha. Wapo wanaosema huo ni unyenyekevu wa kujipamba, desturi ya waandishi wa zama zile. Mimi nausoma kama uamuzi wa umbo. Mwandishi anachagua sikio la kusemea. Msomaji mgeni anaketishwa mahali pa kusikia maneno yaliyokusudiwa watu wa nyumbani, na anapogeukiwa anaitwa wewe, mtu mmoja, si ninyi. Hakuna umati katika dibaji hii, wala hakuna ahadi ya faida.

Msomaji aliyelelewa kwenye tenzi atauhisi upesi ugeni wa mwanzo huu. Mtunzi wa utenzi huanza kwa jina la Mungu, huagiza wino na karatasi, hutaja kisa anachokusudia, na aghalabu ni katika beti za mwisho ndipo anapojitaja na kuomba asahihishwe alipoteleza. Nafsi yake huingia kazi ikiwa imekwisha. Montaigne anaiingiza nafsi mlangoni na kuibakiza humo mamia ya kurasa, wakati mamlaka ya kufundisha haina, ya kuhubiri haina, na kisa cha mashujaa wa kusimulia haina. Ina maoni tu.

Namleta yeye hapa kwa sababu ya vijana wetu wanaofungua blogu ili waseme yao. Tangu Ndesanjo Macha aanze kuandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili mwaka 2004, njia ya kutoa maoni bila kupita kwenye meza ya mhariri imekuwa rahisi mwaka baada ya mwaka. Wanaoanza huuliza maswali mawili: niandike nini, na nitasomwa na wangapi. Swali la umbo haliulizwi. Na mimi naamini, baada ya miaka ya kusoma maandishi ya aina hii, kwamba umbo ndilo linaloamua kama maoni ya mtu yatadumu: yanaanzia wapi, yanapitia wapi kabla ya kufika, na yanafanywaje siku mwenyewe atakapobadili mawazo. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo kitabu cha Montaigne kimelijibu kwa namna ambayo sijaona ikipitwa.

Tuanze na jinsi alivyoanza. Mwaka 1571, akiwa ametimiza miaka 38 na ameshaacha kazi yake ya uhakimu katika mahakama kuu ya Bordeaux, alirudi kwenye jumba la familia huko Périgord, akajitengea mnara wenye maktaba. Mnara huo ungalipo. Ukutani palichorwa maandishi ya Kilatini yanayotangaza kwamba amechoshwa na utumishi na sasa anataka utulivu. Utulivu haukuja. Katika sura ya 8 ya juzuu ya kwanza, sura fupi sana, anaeleza kwamba akili yake, ilipoachwa bila kazi, ilikimbia ovyo kama farasi aliyekata kamba, ikamzalia vioja juu ya vioja, ndipo akaanza kuviandika akitumaini kwamba siku moja vitaitia akili hiyo aibu.

Hiyo ndiyo sababu anayoitoa. Hasemi kwamba nchi inamhitaji, ingawa nchi ilikuwa ikiungua kwa vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Wala hasemi kwamba ana jambo jipya. Tazama pia sura hiyo ilivyopangwa: inaanza na mashamba yaliyolazwa yanayoota magugu, inapitia nukuu za washairi wa Kirumi, na mistari michache ya mwisho tu ndiyo inayomhusu mwandishi. Ni mtu anayejikaribia kwa kuzunguka. Sura nyingi za mwanzo za juzuu ya kwanza ziko hivyo: mifano mingi ya watu wa kale, kisha sauti ndogo ya nafsi pembeni. Anayesoma kwa mfuatano huiona sauti ile ikikua. Hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa kuandika, na hakurudi nyuma kuzirembesha sura za mwanzo zifanane na za mwisho.

Kuhusu swali la wasomaji wangapi, alilipitia kwa haraka na mimi nitalipitia vivyo hivyo. Katika sura ya 18 ya juzuu ya pili anasema huenda karatasi zake zikafaa kufungia siagi sokoni. Kwetu zingefungia maandazi. Kwingineko anasema kwamba kwao Guyenne yeye ndiye aliyekuwa akiwalipa wachapaji, na mbali na kwao wachapaji ndio wanaomlipa yeye. Baadaye, pambizoni mwa sura ile ya siagi, akaongeza wazo zito: hata kama hakuna atakayemsoma, saa zile hazikupotea, kwa sababu kitabu nacho kilikuwa kikimtengeneza yeye.

Sura ninayomwelekeza kila anayetaka kuandika maoni ni ya 6 katika juzuu ya pili, ile ya mazoezi. Maoni yake yanaweza kusemwa kwa sentensi moja: kufa kwenyewe huenda si kuchungu kama kunavyoonekana kwa wanaotazama. Mwandishi wa harakaharaka angeanza na sentensi hiyo, akaipigia mstari, akaitetea kwa hoja tatu. Montaigne anaanza mbali, na jambo ambalo halibishaniwi: mambo mengi tunaweza kuyazoea kwa kuyarudia, ila kufa tunakufa mara moja tu, kwa hiyo sote ni wanafunzi wapya. Anamtaja Canius Julius, Mrumi aliyehukumiwa kifo na Caligula, ambaye alipania kuitazama roho yake wakati inatoka ili, kama ikiwezekana, arudi kuwaeleza rafiki zake. Hakurudi. Hapo ndipo Montaigne anapotuletea ajali yake.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili au vya tatu, anasema, hakumbuki vizuri ni vipi. Napenda kutokumbuka huko. Mwandishi mwingine angeitafuta tarehe ili aonekane makini. Yeye anaacha pengo, na pengo linatufanya tuyaamini yale anayoyakumbuka. Alikuwa ametoka nyumbani mwendo mfupi, juu ya farasi mdogo mpole. Wakati wa kurudi, mmoja wa watu wake, mwenye mwili mkubwa na farasi wa nguvu, akataka kujionyesha kwa wenzake, akaja mbio na kumvaa bwana wake mzimamzima. Montaigne akaanguka hatua kumi au kumi na mbili mbele, uso umechubuka, upanga umeruka huko, mkanda umekatika vipande. Walidhani amekufa. Njiani akatapika damu nyingi. Akaanza kuzinduka, na hapa mwandiko unabadilika. Sentensi zinakuwa laini na ndefu. Anasema aliuona uhai wake uko kwenye ncha ya midomo, akafumba macho kuusaidia utoke, na akaona raha kujiachilia. Walipofika karibu na nyumbani akaagiza mkewe aletewe farasi, kwa kuwa alimwona akihangaika kwenye njia mbaya. Maneno hayo aliyatamka, lakini anasisitiza kwamba hayakutoka kwake. Yalitoka kwenye macho na masikio peke yake, akili haikuwapo.

Farasi wa mkewe ndiye anayeibeba sura. Bila yeye tungekuwa na maoni ya mtu aliyenusurika, na watu walionusurika wana maoni mengi. Agizo lile ni ushahidi dhidi ya wanaotazama: waliokuwa pale waliona mtu mwenye fahamu anayemjali mkewe, kumbe ndani hapakuwa na mtu. Basi huenda na wale wanaogugumia wakikata roho, nao hawapo ndani ya maumivu tunayoyaona. Maoni yamefika, na hayakuhubiriwa. Yametokana na jambo dogo ambalo mwandishi aliambiwa na wengine kwamba alilifanya.

Kisha jambo jingine la umbo. Mwaka 1580 sura hii iliishia karibu na hapo, kwa maneno machache ya kusema kwamba kisa ni kidogo ila kwa funzo alilolipata mwenyewe. Baada ya toleo la 1588, lililokuja na juzuu ya tatu, akarudi, akaongeza utetezi mrefu wa kujiandika: kwamba haandiki matendo yake, anaandika anavyowaza, na kwamba kujisema si kiburi ikiwa mtu anajisema kikamilifu, mabaya na mazuri. Utetezi huo unasomwa sana na kutajwa na kila mtu. Lakini ulikuja mwisho, miaka mingi baada ya kazi. Alianza kwa kufanya, kisha akatafuta sababu. Blogu zetu nyingi huanza na utetezi, kwa nini naandika, dhamira yangu ni hii, na huo ukishachapishwa nguvu huwa zimekwisha.

Alikuwa na mbinu nyingine pia, ya kuficha maoni makali nyuma ya kichwa cha sura kisicho na makali. Sura ya 6 ya juzuu ya tatu inaitwa kwa jina la magari ya farasi. Inaanza na kwa nini tunamwombea heri mtu anayepiga chafya, inapita kwenye kichefuchefu cha baharini, magari, gharama za wafalme, michezo ya Warumi, mpaka msomaji anaanza kudhani mwandishi amepotea. Ndipo inapoingia Amerika, na kilio dhidi ya yale Wahispania waliyoyatenda Mexico na Peru, kilio ambacho katika Ulaya ya miaka ya 1580 hakikuwa na wenzake wengi. Mwishoni anasema turudi kwenye magari yetu, na gari analorudia ni kiti cha dhahabu alichobebwa mfalme wa Peru vitani: kila mbebaji akiuawa mwingine anashika nafasi yake, kiti hakishuki, hadi mpanda farasi anapomkamata mfalme mwilini na kumvuta chini. Michepuko yote ilikuwa njia ya kufika pale. Kama angeiita sura hiyo ukatili wa Wahispania, nusu ya wasomaji wangeshajua msimamo wao kabla ya kufungua.

Sasa nije kwenye kitovu. Juzuu ya kwanza ina sura 57. Ya katikati kabisa ni ya 29. Ya 28, inayoitangulia, inahusu urafiki, na rafiki ni Étienne de La Boétie, hakimu mwenzake aliyefariki Agosti 1563 akiwa na miaka 32, Montaigne akiwa kitandani pake. Sura ya urafiki inaanza na mchoraji anayepamba ukuta: anachagua mahali pazuri pa katikati, anaweka picha aliyoifanyia kazi kwa ustadi wake wote, na nafasi inayobaki pembeni anaijaza nakshi za ajabuajabu zisizo na mpango. Montaigne anasema maandishi yake ndiyo nakshi. Picha ya katikati hana uwezo nayo, kwa hiyo ataiazima kwa rafiki: ile hotuba ya La Boétie juu ya watu wanaojitia wenyewe utumwani chini ya mtawala mmoja.

Soma sura hadi mwisho, na ahadi imeondolewa. Kabla Montaigne hajachapisha, Waprotestanti walikuwa wameichukua hotuba ile na kuitoa miongoni mwa maandiko yao ya kupambana na mfalme, kipande mwaka 1574 na kisha nzima miaka michache iliyofuata. Maneno ya marehemu yalikuwa yamepewa vita ambavyo hakuviandikia. Basi Montaigne anasema hataiweka. Badala yake, sura ya 29 ikajazwa soneti 29 za La Boétie. Na baadaye zaidi, katika nakala yake mwenyewe ya toleo la 1588, akazifuta soneti hizo, akaandika kwamba zinapatikana kwingine. Kilichobaki katikati ya juzuu ni maneno machache ya kumtunukia bibi mmoja mkubwa, na chini yake hakuna kitu.

Nafasi hiyo tupu naisoma kama sehemu yenye maana kubwa kuliko zote kuhusu kutoa maoni hadharani. Angeweza kuipanga upya juzuu, akaziba pengo, nasi tusingejua. Angeweza kuufuta mwanzo wa sura ya 28, ule wenye mchoraji na ahadi yake. Hakuufuta. Aliiacha ahadi, akaacha na kuvunjika kwake, na akaacha sababu ya kuvunjika: kwamba maandishi yakishatoka mikononi mwa mtu, kundi lolote linaweza kuyachukua. Kila anayebonyeza kitufe cha kuchapisha anaingia katika hatari hiyo hiyo. Umbo la sura linaionyesha hatari bila kuihutubia.

Palepale, hata hivyo, alifuta kitu kimoja, na ni haki kukitaja kwa kuwa kinanipinga. Matoleo ya kwanza yalisema La Boétie aliandika akiwa kijana wa miaka 18. Katika nakala yake Montaigne akakata, akaandika 16. Wahakiki wengi wanaona hapo jitihada ya kuifanya hotuba ionekane zoezi la mwanafunzi, isimtie marehemu katika makosa ya uasi. Sina pingamizi na usomaji huo. Kwa maoni yake mwenyewe hakuwa mwepesi wa kufuta. Kwa usalama wa jina la rafiki mkono ulikwenda.

Nakala hiyo iko Bordeaux mpaka leo, katika maktaba ya mji. Pambizo zimejaa mwandiko wake, na baadhi ya mistari imekatwa na fundi aliyejalidi kitabu baadaye, akapunguza kingo za karatasi. Ukurasa wa urafiki hupigwa picha sana. Maandishi yaliyochapwa yanasema kwamba mtu akimbana aeleze kwa nini alimpenda yule, anaona jambo hilo halielezeki. Sentensi ilikuwa imekamilika, imechapwa, imeuzwa. Miaka ilipita. Akachukua kalamu, na mbele ya kukiri kwamba hakuna maelezo akaongeza maelezo yenye vipande viwili vifupi. Kipande cha kwanza kinamtaja rafiki peke yake: sababu ni yule kuwa yule. Kipande cha pili kinamrudia mwandishi kwa maneno yale yale, na rangi ya wino inaonyesha kwamba hakikuandikwa kwa mkao mmoja na cha kwanza. Kwa hiyo kuna kipindi, hatujui kirefu kiasi gani, ambapo Montaigne aliona sababu yote iko kwa La Boétie. Kisha akaona kwamba na yeye alikuwapo.

Mwandiko uliosafishwa ungetupa vipande viwili kwa pamoja, vikiwa na mizani yake nzuri, na tungevisifu kwa mizani. Karatasi inatupa kitu cha thamani zaidi: mtu anayelifikiri jambo moja kwa miaka zaidi ya ishirini, na kulijibu nusunusu.

Lazima niseme pia kwamba msomaji wa zama zile hakuyaona hayo. Nyongeza zilipochapwa ziliingizwa moja kwa moja ndani ya matini, bila alama. Herufi za A, B na C tunazozikuta katika matoleo ya leo, za kutofautisha yaliyoandikwa 1580, yaliyoongezwa 1588 na yaliyotoka pambizoni, ni kazi ya wataalamu wa karne ya 20. Alichokusudia yeye ni sauti ya mtu wa miaka 40 na ya mtu wa miaka 55 ziseme pamoja katika aya moja, bila mmoja kumnyamazisha mwenzake. Anasema waziwazi katika juzuu ya tatu kwamba yeye huongeza na hasahihishi. Mfano mkubwa ni kifo. Sura ya 20 ya juzuu ya kwanza inataka tukiwaze kila saa, tukizoee, tusikipe nafasi ya kutushtua. Sura ya 12 ya juzuu ya tatu inawatazama wakulima wa jirani yake wakifa kwa tauni, watulivu, bila kuwahi kusoma falsafa, na inasema tusijisumbue, siku ikifika maumbile yatatufundisha papo hapo. Sura hizo mbili zinapingana kabisa. Zote mbili zimo, na ile ya kwanza iliendelea kupokea nyongeza.

Blogu ina kitu ambacho Montaigne hakuwa nacho: tarehe juu ya kila andiko. Ni zawadi kubwa, kwa sababu inamwambia msomaji kwamba haya yalikuwa mawazo ya siku ile. Lakini imekuja pamoja na uwezo wa kuingia usiku na kubadili maneno chini ya tarehe ile ile, au kulifuta andiko zima kana kwamba halikuwahi kuwapo. Ninawaomba wanaoanza wasiutumie uwezo huo kwa maoni yao. Kosa la jina, la tarehe, la takwimu, lisahihishwe na lisemwe. Jambo linalomdhuru mtu mwingine liondolewe. Maoni yaachwe, na chini yake liandikwe jipya.

Najua kuna sababu nzito za kufuta. Montaigne alipofika Roma mwishoni mwa Novemba 1580, kitabu chake kilichukuliwa na wakaguzi, akarudishiwa Machi 1581. Mkaguzi mkuu hakujua Kifaransa. Alitegemea taarifa ya mtawa mmoja Mfaransa. Malalamiko yalikuwa ya kweli: kulitumia mno neno la bahati, kuwataja washairi wazushi, kumtetea mfalme Julian aliyeukana Ukristo, kusema kwamba adhabu yoyote inayozidi kifo cha kawaida ni ukatili. Aliachiwa arekebishe kwa dhamiri yake. Toleo la 1582 likatoka na mambo hayo yamo, na mwanzoni mwa sura ya sala ameongeza maneno ya kuyaweka maandishi yake chini ya hukumu ya Kanisa. Hata utii wake ulikuwa nyongeza. Mwaka 1676, yeye akiwa kaburini miaka 84, kitabu kikaingizwa kwenye orodha ya vilivyokatazwa.

Kwetu Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na ada ya maombi, na baadhi walizifunga kurasa zao. Hasara niliyoiona mimi kama msomaji ni ya umbo pia. Mtu aliyelipa kiasi hicho ili aseme hawezi kumudu kusema sijui bado. Atatafuta wasomaji wengi, vichwa vya kuvuta macho, uhakika wa kuuza matangazo. Maoni yanayojaribiwa polepole ndiyo ya kwanza kupotea.

Na Montaigne mwenyewe ana doa, nisilifiche. Kati ya mabinti sita aliowapata, watano walikufa wachanga. Mahali anapowataja, anasema alipoteza wawili au watatu wakiwa kwa mlezi, kama si bila masikitiko, basi bila uchungu. Wawili au watatu! Wapo wanaomtetea kwa desturi za zama zake, watoto wengi wakifa na baba akijizuia. Utetezi huo hautoshi, kwa sababu ni yeye aliyeahidi kujisema kikamilifu, na rafiki alipata sura nzima yenye kitovu kilichoachwa wazi kwa ajili yake. Mkewe, Françoise, anapita kitabuni kwa nadra mno. Farasi aliyeagiziwa njiani ni miongoni mwa nyakati chache tunazomwona. Umbo linaloacha kila kitu kionekane linaonyesha na hili: ni nani mwandishi hakuwahi kurudi kumwongezea neno pambizoni.

Sura ya mwisho ya juzuu ya tatu, ya 13, inahusu uzoefu, na ni ndefu. Ndani yake yamo mawazo mazito juu ya sheria, tiba na uzee, na yamo pia mambo ya mezani: kwamba hupenda tikitimaji, kwamba hula kwa pupa mpaka hujiuma ulimi na mara nyingine vidole. Kuna sentensi moja juu ya figili. Mwanzoni zilimfaa, anasema, kisha zikamkataa, na sasa zinamfaa tena. Kuhusu mvinyo vilevile, alitoka kwenye mweupe akaenda kwenye mwekundu, akarudi kwenye mweupe. Mwandishi anayetaka kuonekana na msimamo angetupa jibu la tatu peke yake, kwamba figili zinanifaa, na lingekuwa kweli. Lakini lingekuwa sawasawa na jibu la mtu ambaye zilimfaa siku zote, na hao ni watu wawili tofauti wanaokula kwenye meza moja.